Difu ya nyuma ya Hilux ya zamani: kuifungua, kuipima na kuifunga mwenyewe

Hii Hilux ninayoiongelea ni LN65 ya mwaka 1986, ile ya mgongo wa springi za majani nyuma, injini ya 2L ya dizeli. Ilikuwa ya baba mkubwa Njombe, imebeba viazi na mbao mpaka ikachoka, alafu ikakaa chini ya mparachichi miaka kadhaa bila kuwashwa. Mimi nikaanza kuifufua taratibu, bodi, nyaya, breki, pampu ya nozeli, kila kitu nilikuwa najaribu mwenyewe, ila nikifika kwenye difu, lile boksi la gia la katikati ya ekseli ya nyuma linalopeleka nguvu kwenye matairi, watu wote wananiambia hapo usiguse, difu ni ya mafundi maalumu. Nikaiacha. Gari ikaanza kutembea na difu ikawa inalia kuanzia spidi 50 kupanda juu, yaani unaongea na mtu wa pembeni kwa kupiga kelele.

Sasa nimeshaifungua na kuifunga mara mbili na nachoweza kusema ni kwamba difu sio uchawi, difu ni vipimo. Fundi anayeharibu difu mara nyingi mikono yake ni mizuri tu, ila anafungua kabla hajapima, kwahiyo akifika kwenye kufunga hana cha kurudia. Ukishika hilo moja, hii kazi unaiweza ukiwa na uvumilivu wa wikiendi mbili. Nitaelezea kwa Hilux hii yenye difu ya inchi 8 (ndo kipenyo cha kraunwili, ile gia kubwa ya duara iliyo ndani), lakini Toyota nyingi za zamani ambazo kichwa cha difu, yaani kipande kinachobeba gia zote, kinatoka kwa mbele zinafanana.

Kwanza sikiliza, usikimbilie spana

Kabla hujalaza gari chini toka nayo barabarani mahali pametulia. Ikilia ukiwa unakanyaga mafuta na ikanyamaza ukiachia, au kinyume chake, hapo mawazo yaende kwenye kraunwili na pinioni, ile gia ndogo inayoizungusha. Ikiwa ni mvumo wa kukwaruza ambao haubadiliki sana ukikanyaga wala ukiachia, fikiria beringi za pinioni. Ikigonga "ko" moja pale unapotia gia na kuondoka, usianze na difu, nenda kwanza kwenye krosi (viungo) za propela, ile shafti ndefu inayotoka gia boksi kwenda kwenye difu, shika propela kwa mikono miwili uizungushe huku na huku, krosi mbovu utaiona kwa macho. Ikikatakata kwenye kona tu na kwenye mnyooko ikakaa kimya, hizo ni spaida gia (gia ndogo za ndani zinazoruhusu matairi mawili yapishane spidi) au beringi ya hafshafti (shafti inayotoka difu kwenda kila tairi). Na mvumo unaoongezeka ukiegemeza gari upande mmoja, huo mara nyingi ni wa beringi ya tairi na wala difu haihusiki.

Nimeona mtu kanunua difu nzima kumbe shida ilikuwa krosi. Hela ya mbolea ya msimu mzima imeenda hivyo.

Jua reshio yako kabla hujanunua hata sili

Hilux hizi zilitoka na reshio tofauti, yaani propela inazunguka mara ngapi ili kraunwili izunguke mara moja. Kuna 4.10 (meno 41 kwenye kraunwili, 10 kwenye pinioni), 4.30 (43 na 10), 4.56 (41 na 9) na 4.88 (39 na 8). Ukiwa hujafungua bado unaweza kuipima hivi: inua tairi moja la nyuma, lingine libaki chini limekanyaga ardhi na limezuiwa vizuri, gari iwe nutro na hendibreki imeachiwa. Piga alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi lililo hewani. Zungusha hilo tairi mizunguko miwili kamili huku mwenzako anahesabu propela. Kwa nini miwili, kwa sababu upande mmoja ukishikwa, spaida gia zinafanya tairi la pili lizunguke mara mbili ya kraunwili. Propela ikizunguka mara nne na kadogo, una 4.10, ikizunguka mara nne na nusu na kidogo, una 4.56. Kutofautisha 4.10 na 4.30 kwa njia hii kunahitaji umakini, rudia mara kumi alafu gawanya.

Hili la reshio nalisisitiza kwa wenye 4x4. Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe reshio moja. Ukiweka ya nyuma 4.10 na mbele ikabaki 4.56, siku utakayoweka four wheel kwenye lami au ardhi ngumu gari inajikaba yenyewe, na kitu kitakachokubali kuvunjika kwanza huwezi kukichagua.

Kuitoa

Weka kuni au mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi ya mbele. Usitegemee hendibreki hata kidogo maana kwenye gari hii inashika matairi ya nyuma, na hayo ndo unayoyatoa, na ukishachomoa propela gia nayo haishiki kitu nyuma. Inua nyuma na jeki, alafu gari ikae kwenye stendi za chuma chini ya chesisi. Sio matofali. Tofali la kuchoma linapasuka ghafla bila kukuonya.

Fungua bolti ya juu ya kujazia oili kwanza ndo ufungue ya chini. Ukimwaga oili yote alafu ukakuta ya juu imekufa haifunguki, gari imelala hapo hapo. Kinga oili kwenye beseni safi na uiangalie vizuri. Oili ikiwa ya kijivu au kahawia kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa na vumbi laini la chuma kama tope la fedha, hiyo ni kawaida ya umri. Ikiwa na vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, jino au beringi imeachia. Mimi napitisha sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, ukimaliza unaugeuza mfuko na chuma zote zinabaki ndani.

Toa matairi na dramu. Vumbi la breki usilipulize na kompresa, breki shuu za zamani zilitengenezwa na asbesto, lowesha na maji ya sabuni ufute na kitambaa. Chomoa paipu ya breki kwa spana ya paipu, ile inayokumbatia nati, sio spana ya mdomo wazi itakayoisaga. Toa waya wa hendibreki, alafu fungua nati nne zilizo nyuma ya sahani ya breki. Hafshafti inatoka pamoja na beringi yake na sahani yote kama kitu kimoja. Huna haja ya kuitoa nzima kama sili zake (raba za kuzuia oili) ni nzima, ivute kiasi cha meno yake ya ndani kuachana na difu, ila ukiitoa nzima ibebe, usiiache ilale juu ya sili maana yale meno yanakata mdomo wa sili kama wembe na utakuja kushangaa breki zimelowa oili.

Propela ipige alama mbili za patasi, moja kwenye flenji ya difu na moja kwenye flenji ya propela, ili irudi ilivyokuwa. Fungua bolti nne.

Sasa nati 10 zinazoshika kichwa cha difu. Zifungue zote ila mbili za juu ziache zimeshika kwenye ncha za studi. Kichwa kitakuwa kimegandia kwa gasketi, kigonge na kipande cha mti mgumu huku na huku mpaka kiachie, usichomeke patasi kati ya zile sura mbili, utakwaruza na itavuja milele. Hiki kitu kina kilo thelathini na kitu na kinataka kukuangukia kifuani, weka jeki yenye ubao chini yake ndo utoe zile nati mbili.

Mezani: pima kabla hujagusa

Osha na dizeli au mafuta ya taa, kausha. Sasa tulia, chukua daftari. Hapa ndo roho ya kazi ilipo.

Unahitaji saa ya kupimia, dayo geji yenye mguu wa sumaku, za Kichina zipo na kwa kazi hii zinatosha. Mguu wa sumaku ushike kwenye chuma ya kichwa, ncha ya saa iguse jino la kraunwili kwa nje kabisa, iwe wima na sura ya jino. Shika pinioni isizunguke kabisa, tikisa kraunwili taratibu huku na huku, soma pleyi, yaani ule mchezo uliopo kati ya meno. Kwa difu hii inatakiwa kuwa kati ya milimita 0.13 na 0.18. Pima sehemu nne tofauti kuzunguka kraunwili. Zikitofautiana sana, aidha kraunwili imepinda au kuna uchafu umekaa nyuma yake.

Ya pili, paka meno matatu au manne rangi. Rangi maalumu ya gia ni ngumu kupata huku kwetu, mimi nachukua rangi ya mafuta ya njano nachanganya na grisi kidogo iwe nzito isimwagike. Zungusha pinioni mbele na nyuma huku mwenzako ameibana kraunwili na kipande cha mbao ili kuwe na uzito kidogo. Rangi itafutika pale meno yanapogusana. Piga picha na simu. Hiyo picha ina thamani kuliko maneno yote niliyoandika hapa, maana ndo jinsi hayo meno yalivyoishi pamoja tangu 1986, na ukifunga tena unataka urudi hapo hapo.

Ya tatu, tikisa pinioni kwa kuivuta na kuisukuma. Isicheze hata kidogo. Ikicheza, beringi zake zimekwisha au nati imelegea.

Angalia meno kwa tochi. Vishimo vidogo kama ndui, rangi ya bluu ya kuungua, ncha zilizomeguka, hiyo ni hukumu ya kifo kwa kraunwili na pinioni zote mbili, maana ni mke na mume, zimesagwa pamoja kiwandani na zina namba inayofanana. Usichukue pinioni ya hapa na kraunwili ya kule hata kama meno yanahesabika sawa, italia tu.

Ukishajua hali yake uamuzi unakuwa rahisi. Kama meno ni mazima na beringi zimechoka, badilisha beringi na sili, hii ndo kazi nzuri ya kujifunzia. Kama meno yamekufa, ushauri wangu wa kweli ni kutafuta kichwa kizima cha mtumba chenye reshio yako, Gerezani pale Kariakoo au kwa wauza spea wengine wa Toyota, ukakipima mezani kama nilivyosema kabla ya kulipa, kuliko kuanza kujenga kraunwili mpya siku ya kwanza. Beringi nunua za Kijapani, Koyo, NSK au NTN, na nunua kwa mtu unayeweza kumrudia, feki zipo nyingi na boksi lake linang'aa kuliko la kweli.

Kuivunja na kuijenga

Vile vifuniko viwili vinavyoshika beringi za pembeni, kabla hujafungua piga alama ya panchi, nukta moja kushoto na nukta mbili kulia, kwenye kifuniko na kwenye chuma mama. Vimetobolewa vikiwa vimefungwa, ukibadilisha upande au ukigeuza havikai. Nati za duara za kurekebishia nazo weka kila moja na upande wake.

Nati ya pinioni imepigwa ikaingia kwenye mfereji wa shafti, inyanyue kwa patasi nyembamba. Kushika flenji nilitoboa matundu mawili kwenye kipande cha fleti baa ya mita moja nikaifunga kwa bolti kwenye flenji, ikiegemea chini haizunguki tena. Nati ya kufungia iwe mpya.

Pinioni ikitoka, nyuma ya kichwa chake chini ya beringi kubwa kuna shimu kama washa. Hiyo shimu inaamua pinioni inaingia kina gani. Beringi itoe kwa puller au presi, usiipige, shimu ipime kwa maikromita au verniya uandike, na kama meno ni yale yale irudishe hiyo hiyo.

Kati ya beringi mbili za pinioni kuna bushi ya chuma laini, yenye tumbo, iliyotengenezwa ibonyee ukikaza nati. Hii bushi ndo iliyonifanya nifungue mara mbili. Mara ya kwanza nilikaza nikapitiliza, pinioni ikawa nzito kuzunguka, na mimi pamoja na fundi niliyekuwa naye tukaona turudishe nati nyuma robo mzunguko, ikawa nyepesi vizuri tukafurahi. Tumetoka Njombe, hatujafika Makambako difu inalia kuliko ilivyokuwa mwanzo. Ile bushi ikishabonyea hairudi. Ukilegeza nati beringi hazina kinachozibana, pinioni inacheza. Ukipitiliza, toa nati, weka bushi mpya, anza upya, hakuna njia ya mkato. Kwahiyo nunua bushi mbili kabisa, bei yake ni ndogo.

Namna ya kukaza: bushi mpya inataka nguvu nyingi kuanza kubonyea, bomba la mita moja kwenye T-baa ndo linasaidia. Kaza mpaka pleyi ya pinioni iishe, na kuanzia hapo ni kidogo kidogo, kama upana wa kalamu kila mara, zungusha pinioni mara kadhaa beringi zikae, pima. Kupima nilitumia mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, yenye alama ndogo ndogo. Funga kamba kwenye flenji, izungushe mara kadhaa, vuta mizani taratibu na usome wakati pinioni inaendelea kuzunguka, sio ile nguvu ya kuanzia. Kilo ulizosoma zidisha na sentimita za kutoka katikati ya flenji mpaka kamba ilipo. Beringi mpya zinatakiwa kati ya 19 na 26, za zamani unazorudisha kati ya 9 na 13. Yaani kama kamba iko sentimita 5 kutoka katikati, beringi mpya zinasoma kilo 3.8 mpaka 5.2 kwenye mizani. Hiki kipimo kichukuliwe pinioni ikiwa peke yake, kraunwili haijaingia, na sili haijawekwa au imepakwa oili vizuri.

Bolti 10 za kraunwili zikazwe kwa kuvuka, moja hapa inayofuata upande wa pili, mpaka niutoni mita 97 kwa toki renchi. Zisafishe zile sura mbili kwanza, chembe moja ya mchanga nyuma ya kraunwili inaipindisha.

Rudisha kraunwili, vifuniko, nati za duara. Kaza nati za duara kwa mkono mpaka pleyi ya pembeni iishe, alafu vifuniko vikaze vishike kiasi. Sasa ni mchezo wa kuhamisha: ukitaka kupunguza pleyi ya meno, legeza nati ya upande wa meno ya kraunwili kidogo na ukaze ya upande wa mgongoni kiasi kile kile, kraunwili inasogea kwenye pinioni. Ukitaka kuongeza, kinyume. Ukifika 0.13 mpaka 0.18, ongeza kaza ya beringi za pembeni kwa tundu moja au moja na nusu za nati ya duara, pima tena, alafu vifuniko vikaze niutoni mita 78 na pima tena mara ya mwisho. Kila ukikaza kitu pima tena, nishaona 0.15 inageuka 0.10 kwa kukaza vifuniko tu.

Paka rangi tena, linganisha na picha yako. Mguso uwe katikati ya jino, usitoke nje. Ukiwa juu kwenye ncha ya jino, pinioni iko mbali, inataka shimu nene. Ukiwa chini kwenye mzizi wa jino, pinioni imezama sana, shimu nyembamba. Ukikimbilia mwisho wa nje wa kraunwili, pleyi ni kubwa, sogeza kraunwili karibu. Ukikimbilia mwisho wa ndani, sogeza mbali. Ukibadilisha shimu pleyi inabadilika nayo, kwahiyo unaanza kupima upya, usikasirike.

Kurudisha na oili

Kabla ya kurudisha chochote nenda juu ya ganda la ekseli utafute kile kikofia kidogo cha kupumulia, breza. Kwangu kilikuwa kimejaa udongo mwekundu mkavu kama simenti. Difu ikipata moto hewa inapanuka, ikikosa pa kutokea inasukuma oili kupitia sili, na ukivuka maji difu ikipoa inanyonya maji ndani. Watu wanabadilisha sili za hafshafti kila mwaka kumbe ugonjwa ni hiki kikofia. Kisafishe mpaka kizunguke na upulize upite.

Sura za gasketi zisafishwe kwa msasa laini, gasketi mpya na silikoni nyembamba, nati 10 kwa kuvuka, niutoni mita kama 27 tu, studi ni nyembamba zinakatika. Rudisha propela kwenye alama zake, hafshafti, paipu za breki, toa upepo kwenye breki na mtu wa kukanyaga.

Oili iwe GL-5, namba 90 au 80W-90, zinaingia kama lita 2.2, mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia gari ikiwa sawa sawa. Isiwe GL-4, meno ya hypoidi hayazunguki tu, yanateleza pia kwa sababu pinioni imekaa chini ya katikati ya kraunwili, na bila dawa iliyo ndani ya GL-5 yanalana. Ila mabaki ya hiyo oili usimalizie kwenye gia boksi yako ya zamani, inaweza kula shaba za sinkro, zile ringi zinazosaidia gia kuingia laini.

Safari ya kwanza nenda kilomita kama 20 bila mzigo, simama, gusa difu kwa mkono. Joto ni sawa, ikiwa huwezi kuacha kiganja hata sekunde mbili kuna kitu umekibana. Iache ipoe kabisa, rudia. Usibebe mzigo mzito kilomita 500 za mwanzo, na ukifika 800 mwaga ile oili uweke mpya, sumaku itakuonyesha chuma laini kidogo, hiyo ni beringi zinakaa. Baada ya hapo kaza tena bolti za propela, angalia chini ya pinioni kama kuna tone, na pakia viazi.